Riwaya za kusisimua kwenye king'amuzi na simu: namna ya kuzitazama ukiwa Dodoma bila siri kuvuja

Filamu iliyotokana na riwaya ya kusisimua ina mara ya kwanza moja tu. Ukishajua nani aliua na kwa nini, huwezi kurudi ukawa hujui. Ndiyo maana mwongozo huu, kuanzia malipo hadi vumbi la kwenye dishi, unahusu jambo moja: kuilinda ile mara ya kwanza. Bando likikata dakika kumi kabla ya mwisho, au umeme ukienda muuaji akiwa ndio anafungua mlango, au shemeji akipita sebuleni na kusema "huyo ndiye mwenyewe", umepoteza kitu ambacho hakuna malipo ya mwezi yatakayokirudisha.

Zamani sinema ilirushwa saa aliyoitaka mwenye chaneli. Leo saa unapanga wewe, unasimamisha utakapo na kurudia utakapo. Nafasi hiyo wengi wetu tunaitumia ovyo: tunafungua tu kitu kilichoko juu ya orodha, usiku, bando likiwa robo. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Jua unatazama kwa njia ipi

Dodoma wengi wetu hatuna waya wa kebo unaoingia nyumbani. Kazi hiyo kwetu inafanywa na dishi na intaneti, na njia ziko tatu.

Ya kwanza ni king'amuzi cha dishi chenye diski ndani, mfano Explora ya DStv. Hiki kina sehemu ya vipindi vya kutazama baadaye, Catch Up, na jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba sehemu kubwa ya vipindi hivyo huingia kwa satelaiti na kujihifadhi kwenye diski bila intaneti yoyote. Kwa anayekaa Bahi, Chemba au vijiji vya Mpwapwa ambako mtandao wa simu unasuasua, hii ndiyo njia ya kutegemea. Sharti lake ni moja: king'amuzi kibaki na umeme. Kizime kwa rimoti, usikizime kwenye soketi. Ukikikatia umeme kila usiku ili kuokoa uniti za LUKU, kitakosa kupokea, na utakuta orodha ileile ya wiki iliyopita. Kumbuka pia kwamba vipindi hivi havikai milele. Kila kimoja kina tarehe yake ya kuondoka, nayo huonekana ukibonyeza maelezo. Kama tamthilia ina sehemu 8 na ya kwanza inaondoka keshokutwa, anza leo au iache kabisa.

Ya pili ni programu ya simu ya kampuni ya king'amuzi chako: DStv Stream, AzamTV Max, StarTimes ON. Hizi zinakula bando, ila zinakuwezesha kutazama kitandani wakati sebuleni wanaangalia mpira.

Ya tatu ni huduma za intaneti zinazojitegemea. Netflix ilifunguliwa Tanzania Januari 2016, wakati ilipoenea nchi nyingi kwa mkupuo, na Prime Video ikafuata Desemba mwaka huohuo. Tangu 2022 menyu ya Netflix inaweza kuwekwa kwa Kiswahili, na hilo limewasaidia wazazi wengi kuitumia bila kumwita kijana kila mara. Hapa ndipo kazi nyingi zilizotokana na riwaya zilipo. Malipo yanataka kadi. Kama huna kadi ya benki, angalia kwenye menyu ya pesa za simu yako. Mitandao imekuwa ikitoa kadi ya mtandaoni ambayo unaitengeneza humohumo, unaihamishia fedha, kisha unatumia namba zake kulipia. Weka kiasi kinachozidi bei kidogo, kwa sababu makato na kubadilisha fedha vinaweza kuyafanya malipo yako yakataliwe kwa upungufu wa shilingi mia chache.

Hatua ya 2: Hakikisha unachofungua ndicho ulichokusudia

Riwaya moja inaweza kuwa na filamu mbili, tatu, na tamthilia juu yake, zote kwa jina moja. Kabla ya kubonyeza, tazama mwaka. "Murder on the Orient Express", riwaya ya Agatha Christie ya 1934, ina filamu ya 1974 na nyingine ya 2017. "The Girl with the Dragon Tattoo" ya Stieg Larsson ina filamu ya Kiswidi ya 2009 na ya Kimarekani ya 2011. "The Day of the Jackal" ni filamu ya 1973, na pia ni tamthilia ya 2024 iliyolihamishia tukio zima katika zama hizi. Mtu akikwambia "itazame, ni kali", muulize: ya mwaka gani?

Kama hujui iwapo filamu imetokana na kitabu, soma maandishi ya mwanzo au ya mwisho, pale wanapotaja aliyeandika mswada. Pana mstari unaosema imetokana na riwaya ya fulani. Andika jina hilo pembeni. Ndilo litakalokuongoza kwenye kazi inayofuata, kwa sababu orodha za huduma hizi hupangwa kwa sura za waigizaji, si kwa waandishi, lakini ukiandika jina la mwandishi kwenye sehemu ya kutafuta mara nyingi hukuletea kazi zake.

Kwa anayeanza kabisa ningemshauri "The Constant Gardener", filamu ya 2005 kutokana na riwaya ya John le Carré ya 2001. Ni dakika 129, ilipigwa kwa sehemu kubwa Kenya, Kibera na Turkana zikiwamo, na Rachel Weisz alipata Oscar kwa kuigiza humo. Utaona barabara, magari na sura unazozijua, na njama inayohusu dawa zinazojaribiwa kwa maskini, jambo ambalo halihitaji mtu wa Ulaya akueleze uzito wake.

Pia usisumbuke na namba za vitabu bila sababu. "Reacher" ya Prime Video ilianza msimu wa kwanza na kitabu cha kwanza cha Lee Child, msimu wa pili ukaruka hadi cha 11, wa tatu ukarudi kwenye cha 7. "The Lincoln Lawyer" ya Netflix ilianzia kitabu cha pili cha Michael Connelly, kwa kuwa cha kwanza kilishatengenezewa filamu mwaka 2011. Kinyume chake, "Slow Horses" inafuata vitabu vya Mick Herron kwa mpangilio, msimu kwa kitabu, na hiyo usiirukie katikati.

Hatua ya 3: Amua, kitabu kwanza au filamu kwanza

Hapa watu hubishana sana, na wengi hujibu kwa mazoea: "soma kwanza, kitabu siku zote ni kizuri zaidi". Mimi nasema inategemea riwaya ni ya aina gani, na aina ziko mbili.

Kuna riwaya za siri. Kuna jambo moja limefichwa, na kurasa zote zinakuzungusha usilione. "Gone Girl" ya Gillian Flynn ya 2012 ni ya aina hii: mume na mke wanasimulia kwa kupokezana, na kila kitu kinategemea unamwamini nani. Halafu kuna riwaya za windo. Hizi hazifichi. Unajua nani anamwinda nani, na pengine hata mwisho unaujua. Moyo unakwenda mbio kwa sababu ya namna mambo yanavyokwenda. Mfano ulio wazi ni "The Day of the Jackal" ya Frederick Forsyth, iliyotoka 1971. Inahusu mtu aliyekodiwa kumuua Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa mwaka 1963. De Gaulle alifariki 1970, nyumbani kwake. Kila msomaji aliyenunua kitabu kile alijua kwamba risasi haikumpata, na bado watu walikisoma bila kulala.

Riwaya ya siri, soma kwanza. Mwandishi aliificha siri yake kwa maneno: kwa sentensi iliyopita haraka, kwa msimulizi anayesema kweli nusu. Kitabu kinakupa siku kadhaa za kushuku, kurudi ukurasa wa nyuma, kumtuhumu asiyehusika. Filamu inakupa saa mbili. Ukianza na filamu, kitabu unakisoma ukiwa umeshajua, na zile siku za kushuku hutazipata tena. Ukianza na kitabu, filamu inabaki na kitu cha kukupa: unatazama uso wa mwigizaji anayejua unachokijua, uone anavyoficha. Kwa "Gone Girl" inafaa zaidi, kwa sababu Flynn mwenyewe ndiye aliyeandika mswada wa filamu ya 2014.

Riwaya ya windo, tazama kwanza. Filamu inakupa mwendo, na kitabu baadaye kinakuongezea undani wa namna kazi inavyofanyika, ambao kamera haina nafasi nao. Forsyth alikuwa mwandishi wa habari wa Reuters jijini Paris miaka ileile ya majaribio ya kumuua de Gaulle, ndiyo maana kurasa zake kuhusu pasipoti za kughushi na ukaguzi wa mipakani zinasomeka kama ripoti. Vivyo hivyo "Ripley", tamthilia ya Netflix ya 2024 yenye sehemu 8, nyeusi na nyeupe, kutokana na riwaya ya Patricia Highsmith ya 1955. Mhalifu unakaa naye tangu mwanzo, na swali lako ni kama atakamatwa. Itazame, kisha tafuta filamu ya 1999 ya riwaya hiyohiyo, halafu kitabu.

Lipo suala la lugha, na lisemwe waziwazi. Kurasa 400 za Kiingereza si mzigo mwepesi kwa kila mtu anayetoka kazini Mtumba saa kumi na moja jioni. Kama ni hivyo, anza na filamu hata kama ni ya siri. Na kama unataka kuzoesha jicho lako namna waandishi wanavyopanda vidokezo, tunao walimu wetu: Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba tangu "Kufa na Kupona" ya 1974, na Ben Mtobwa na Joram Kiango wake. Tafuta nakala maktaba ya mkoa, au kwa wauza vitabu vya zamani. Ulizia pia kwa wazee, wengi wanazo kabatini. Aliyemfuata Willy Gamba kutoka hoteli hadi hoteli akikisia nani msaliti hatababaishwa na mpelelezi wa London.

Jambo la mwisho hapa: usichanganye. Kusoma nusu ya kitabu, kisha kutazama filamu, kisha kurudi kitabuni, kunaharibu vyote viwili.

Hatua ya 4: Ziba mianya

Mwanya mkubwa kuliko yote uko kwenye huduma yenyewe. Fungua mipangilio ya wasifu wako wa Netflix, sehemu ya uchezaji, uzime vitu viwili: trela zinazojicheza zenyewe unapopita juu ya picha, na sehemu inayofuata kuanza yenyewe. La kwanza linakuonyesha vipande vya kazi ambayo hujaianza. La pili linakuingiza sehemu ya tano kabla hujapumua kutoka ya nne.

Usisome maelezo ya sehemu zijazo. Sentensi moja chini ya sehemu ya sita, kwamba fulani anazikwa, inakutangazia kifo cha mtu ambaye kwako bado yu hai. Picha ndogo za sehemu hizo nazo husema mengi; zipite haraka.

Usitafute jina la mwigizaji mtandaoni ukiwa katikati. Ukiandika jina la mhusika tu, sanduku la kutafutia linajaza lenyewe maneno "amekufa sehemu ya ngapi". Swali lako liandike kwenye karatasi, litasubiri.

Nakala za mtaani zilizotafsiriwa nazo ni mwanya. Nawaheshimu sana wasimulizi wa filamu. Marehemu Lufufu alikuwa na kipaji cha kuigeuza filamu ya mbali ikawa hadithi ya hapahapa, na vibanda umiza vilijaa kwa ajili ya watu wa aina yake. Lakini msimulizi ameshaiona filamu hadi mwisho, na kazi yake ni kukueleza. Kwenye mapigano hilo ni raha. Kwenye riwaya ya siri, neno moja la kutangulia limekwisha kukuibia. Na mwandishi hapati hata senti kwenye nakala hizo.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya bando kabla, si baada

Netflix wenyewe wanatoa makadirio haya kwa saa moja: ubora wa chini hula takriban GB 0.3, wa kati hadi GB 0.7, wa juu wa HD hadi GB 3, na wa 4K hadi GB 7. Sasa chukua "Gone Girl", yenye dakika 149, yaani karibu saa mbili na nusu. Kwa ubora wa kati utatumia GB 1.75. Kwa HD zinaweza kufika 7.5. Tamthilia ya sehemu 8 zenye wastani wa dakika 50 ni saa 6 na dakika 40: kati ya GB 4.7 na 20 kutegemea ubora uliochagua. Kwenye kioo cha simu, ubora wa kati unatosha kabisa. HD iache kwa televisheni.

Usikubali huduma ijichagulie. Chagua ubora wewe kwenye mipangilio ya data, maana ukiiachia, mtandao ukiwa mzuri itapanda juu na kulimaliza bando la wiki kwa usiku mmoja.

Kasi nayo ina kipimo: Mbps 3 kwa HD ya 720, Mbps 5 kwa 1080. Pima kasi saa ileile utakayotazama, kwa sababu mtandao wa saa nne asubuhi si ule wa saa tatu usiku, watu wote wa Ilazo na Kisasa wakiwa wamerudi nyumbani. Walio na faiba ya TTCL au intaneti ya mwezi isiyo na kikomo wanaweza kuiruka hatua hii.

Wengine wote, nashauri kupakua. Pakua kwa bando la usiku au kwa waifai ya mahali unaporuhusiwa, kisha tazama bila kutegemea mnara. Wanafunzi wa UDOM wanaijua vizuri mbinu hii. Angalia nafasi kwenye simu kwanza, na ujue kwamba vilivyopakuliwa vina muda: kwenye Netflix vingine hukwisha baada ya siku 7, vingine saa 48 tangu ulipoanza kutazama. Filamu za kukodi kwenye huduma nyingi nazo zina dirisha la saa 48 tangu ubonyeze kucheza. Usibonyeze "nionje kidogo" Jumatatu ukikusudia kutazama Ijumaa.

Kupakua kunafaa hasa kwa safari. Treni ya SGR inakufikisha Dar es Salaam chini ya saa nne kwa ile ya haraka, muda unaotosha sehemu nne za tamthilia au filamu moja na mazungumzo yake. Mtandao njiani unakatika, na kwenye mahandaki ya Kilosa unapotea kabisa. Iliyo ndani ya simu haijali.

Hatua ya 6: Dishi, vumbi, mvua na umeme

Dodoma iko karibu nyuzi 35.7 Mashariki, na DStv kwa ukanda wetu hutumia satelaiti za Eutelsat zilizoko nyuzi 36 Mashariki. Maana yake satelaiti iko karibu utosini mwetu, na dishi linalala likitazama juu. Dishi la Azam, ambalo satelaiti yake iko nyuzi 7 Mashariki, limeinamia magharibi. Kwa hiyo la DStv ndilo linalokusanya zaidi vumbi, majani na kinyesi cha ndege. Kabla ya kiangazi cha upepo, kuanzia Juni, panda au mwombe fundi alifute kwa kitambaa chenye maji, akaze nati, na aangalie LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, na waya wake kama jua halijaupasua. Upepo wa Dodoma unaweza kulisogeza dishi kidogo sana, picha ikabaki nzuri mchana na kuvunjikavunjika usiku.

Mvua za Desemba hadi Aprili zina tabia yake. Matone makubwa hufyonza mawimbi ya satelaiti, na chaneli hukatika mpaka wingu zito lipite. Usimwite fundi kwa hilo. Kilichokwisha kuingia kwenye diski hakihitaji dishi wakati unakitazama, kwa hiyo usiku wa mvua chagua kutoka kwenye diski. Ila mvua ikipiga bati hutasikia mazungumzo, na riwaya za kijasusi ni mazungumzo matupu. Vaa hedifoni, au washa maandishi ya chini, au ahirisha. Mimi ningeahirisha.

Umeme: televisheni ya LED ya inchi 32 hutumia wati 40 hadi 50, ruta kama 10, king'amuzi kama 20. Jumla ni chini ya wati 80. Filamu ya saa mbili na nusu inahitaji basi kama wati-saa 200. Betri ya N50 nzima, iliyojaa, ina takriban wati-saa 600 kwenye karatasi, na nusu yake ndiyo uitumie usiiue mapema. Kwa hiyo pamoja na inveta ndogo inakufikisha mwisho wa filamu. Kama huna betri, angalau weka simu na pawabenki vikiwa vimejaa, na filamu iwe imepakuliwa. Na televisheni iwe kwenye kifaa cha kulinda umeme, kwa sababu kinachounguza ni umeme unaporudi, si unapokatika. Uniti zisome kabla ya kukaa.

Hatua ya 7: Saa na watu

Taarifa ya habari ni saa mbili usiku, na katika nyumba nyingi rimoti si yako mpaka iishe. Panga kuanza saa tatu kasorobo. Filamu ya dakika 149 itakutoa saa tano na robo, bado unalala.

Kubalianeni mapema. Kama kuna aliyeiona, aambiwe kwa heshima, "Kaka, wewe umeshaiona, tafadhali usiseme kitu mpaka mwisho," na kama hawezi, atafutiwe kazi nyingine. Watoto walale kwanza. Kazi hizi nyingi zina alama ya 16 au 18, na si kwa damu pekee: "The Girl with the Dragon Tattoo" ina ubakaji unaoonyeshwa kwa ukali. Si ya kutazama ukiwa na baba mkwe wala mbele ya mtoto anayejifanya amelala kwenye kochi. Tengeneza wasifu wa watoto kando, na wa kwako uufunge kwa namba ya siri ambayo si mwaka wako wa kuzaliwa, maana huo wanaujua.

Hatua ya 8: Wakati wa kutazama

Washa maandishi ya chini ya Kiingereza hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Lafudhi za London na Scotland humeza maneno, na kwenye riwaya ya siri neno lililomezwa ndilo lililokuwa kidokezo.

Ukiwa na le Carré au Herron, andika majina kwenye karatasi: nani ni nani, anafanya kazi wapi, nani alimwona mara ya mwisho. Wapelelezi wenyewe wanafanya hivyo.

Kwa tamthilia, usikatishe mwisho wa sehemu. Sehemu huandikwa ili imalizike kwenye kilele, na hapo ndipo usingizi unapotoroka. Maliza sehemu ya tatu, anza ya nne, tazama dakika tano au kumi mpaka lile fundo lilegee, kisha zima. Utalala, na kesho utaendelea ukiwa na hamu bila kuchoka macho kazini.

Hatua ya 9: Baada ya mwisho

Kama ilikuwa ya windo, sasa chukua kitabu. Kama ilikuwa ya siri na ulishasoma, fungua tena sura ya kwanza na dakika kumi za mwanzo za filamu, uvitazame pamoja. Ona mtengenezaji alichofanya na sauti ya ndani ya msimulizi, maana kamera haiingii kichwani mwa mtu. Ona pia alichohamisha. "The Girl on the Train" ya Paula Hawkins ni riwaya ya abiria wa treni za London. Filamu ya 2016 iliwapeleka New York. Jiulize kilipotea nini njiani na kilipatikana nini, kisha mpigie aliyetazama nawe mbishane. Mabishano hayo ni sehemu ya raha yenyewe, na sasa hakuna siri ya kuogopa.

Futa ulivyopakua, simu ipumue. Kama mwezi huu hakuna kingine unachokitaka, sitisha malipo siku mbili tatu kabla ya tarehe ya kujirudia, kwa sababu kadi ya mtandaoni yenye salio itakatwa bila kukuuliza. Netflix huhifadhi wasifu na orodha yako kwa miezi kadhaa baada ya kusitisha, kwa hiyo majina uliyoweka ya kutazama baadaye utayakuta palepale ukirudi kulipia.